Sabuni Isiyo na Jina

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo mchana, nami nimeanza daftari hili. Shemeji ameniambia nikiendelea kuongea peke yangu karakanani watu watadhani nimerukwa na akili, afadhali niandike. Nikamwambia siongei peke yangu. Akanitazama tu. Haya, naandika.

Habari kubwa ni kwamba mwenye duka la njia panda amekubali kuuza sabuni yetu. Aliinusa, akanawa nayo mikono mbele yangu, akajikausha kwa shati lake mwenyewe, kisha akasema, "Hii ni sabuni kweli. Inaitwaje?"

Nikasema ni sabuni ya mchaichai.

"Hiyo ni harufu yake. Nauliza jina."

Nikasema haina. Akaniambia kitu kisicho na jina hakikai kwenye rafu yake, maana mteja hawezi kukiulizia. Mvua zikiisha nimletee sabuni yenye jina lililopigwa juu yake, la sivyo nafasi ile anaweka viberiti. Bila duka lile tutaendelea kuuza mlangoni kwa majirani, na majirani zetu, Mungu awabariki, wanaoga kwa kiasi.

Nilipofika nyumbani nikawaeleza wakati wa kula. Chembe, mtoto wa marehemu dada yangu, akapiga makofi bila kujua anashangilia nini. Shemeji, ambaye ndiye baba yake, aliweka kijiko chini akasema, "Jina lipo." Mama akainuka kwenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Jumanne, 5 Machi

Mvua kutwa. Sabuni za juma lililopita zimetoa jasho kwenye rafu, nimezipangusa moja moja.

Alhamisi, 7 Machi

Jina ambalo shemeji anasema lipo ni la dada. Hakulitaja, hata yeye.

Sabuni hii ni ya dada tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyeharibu mafuta ya watu mpaka akapata kipimo, yeye ndiye aliyeunguzwa na kostiki, yale magadi makali ya sabuni, mkono wa kushoto akasema kovu ni bangili ya bure. Mvua za mwaka jana zilimkuta na kifua, na hazikumwacha. Tangu tulipomzika, jina lake halijasikika ndani ya nyumba hii. Mama hakukataza kwa maneno. Siku moja mjomba alilitaja mbele ya wageni, mama akatoka nje na hakurudi mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka. Tukaelewa. Sasa tunasema "yeye", au "mwenzetu", au "mama Chembe". Hata hapa kwenye daftari langu, mkono umefika pale ukakataa.

Jambo la pili, na hili simwambii mtu. Nikiwa karakanani namsikia akikohoa. Kile kikohozi chake cha kujizuia, cha mtu asiyetaka kusumbua wenzake. Hutokea nyuma ya rafu za kukaushia. Nimeshakwenda kuangalia mara nyingi. Kuna rafu, na nyuma ya rafu kuna ukuta.

Jumamosi, 9 Machi

Nimempelekea mama majina niliyoyabuni. Povu Tele: akasema linafanana na ugonjwa. Ua la Asubuhi: akasema litafaa kaburini. Mwenye duka naye ananishauri niiite Dhahabu. Kwake kila kitu ni Dhahabu. Ana unga Dhahabu, mishumaa Dhahabu, na paka wake pia. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanyamaza ghafla. Dada ndiye aliyekuwa akicheka naye hivyo.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Kikohozi mara mbili.

Ijumaa, 15 Machi

Leo nataka niandike kila kitu kwa utaratibu.

Kwanza, jinsi kazi inavyokwenda. Ukishachanganya kostiki na mafuta unakoroga, unakoroga, mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji. Ili kujua kama umeshika, unainua mwiko na kudondosha mstari juu ya mchanganyiko. Mstari ukizama, koroga tena. Mstari ukibaki umesimama juu, mimina kwenye kalibu, kile kisanduku cha mbao kinachoipa sabuni umbo. Wengine huchora mstari. Dada alikuwa akiandika jina lake zima, kwa mwandiko wa kujivuna, na likisimama ndipo alipomimina. Kwa hiyo kila sabuni aliyoitengeneza yeye ina jina lake lililozamia humo ndani. Mimi nachora mstari tu.

Asubuhi nilikuwa nimekoroga na mchanganyiko ulikuwa unakaribia. Nikasikia matone kwenye bati, nikakumbuka nguo kwenye kamba, nikatoka mbio. Nilianua shuka, nguo za Chembe, suruali za shemeji. Nikarudi. Juu ya sabuni palikuwa pameandikwa jina la dada.

Limeandikwa zima, herufi zimesimama vizuri, ile ya mwisho ina mkia kama alivyokuwa akiuvuta yeye.

Sijui nilisimama muda gani. Harufu ya mchaichai ilikuwa kali kupita siku zote. Mwishowe nikachukua mwiko nikakoroga mpaka jina likapotea, nikamimina, nikaketi chini sakafuni kama mtoto. Nilikuwa naogopa, na niseme ukweli, nilikuwa na furaha pia.

Jumamosi, 16 Machi

Akili imerudi. Ni shemeji. Ni nani mwingine anayetaka jina lile liwe juu ya sabuni? Alikuwa chumba cha pili, anakofanyia useremala, akiranda mbao za kalibu mpya. Nikamfuata.

"Shemeji, mzaha wako wa jana haukunifurahisha."

"Mzaha gani?"

Nikamwambia. Randa ikamdondoka. Aliniuliza limeandikwaje, limekaa upande gani wa sufuria, lina mkia au halina. Niliponyanyua macho alikuwa analia waziwazi, na mtu huyu mazikoni hakutoa chozi, jambo ambalo nilimwekea kinyongo mwaka mzima.

"Kwa nini ulilikoroga?" akasema. "Kwa nini hukuniita nilione?"

Basi si yeye. Nimetoka pale na aibu yangu.

Jumapili, 17 Machi

Sikuingia karakanani.

Jumatatu, 18 Machi

Sikuingia. Mama kaniuliza kama naumwa. Nikasema tumbo.

Alhamisi, 21 Machi

Nimeingia kwa sababu mafuta yataharibika. Nilipokuwa nakoroga nikasema kwa sauti ya chini, "Kama ni wewe, sina ubaya na wewe." Nikatoka kuchota maji kwa makusudi na kukaa nje mpaka nikalowa. Niliporudi lilikuwepo tena.

Safari hii nililiacha. Nilimwita shemeji, akaja na vumbi la mbao kichwani, tukasimama kando ya sufuria tukilitazama. Hakuna aliyelisoma kwa sauti. Kutoka nyuma ya rafu nilisikia kikohozi. Nikamtazama shemeji, naye alikuwa hajasikia kitu. Tukamimina.

"Anataka liandikwe," shemeji akasema. "Wewe unahitaji ishara gani nyingine? Nitachonga muhuri."

"Na mama?"

"Mama ataelewa."

Namfahamu mama. Sidhani.

Jumamosi, 23 Machi

Shemeji amemwambia mama habari ya muhuri, bila kugusia ya kwenye sufuria. Alizungumza kwa adabu zote, amekaa chini mbele yake, mikono mapajani. Mama alikuwa anachambua maharage. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu si wa kusugulia makwapa ya watu." Akaendelea kuchambua.

Shemeji akatoka. Mimi nikabaki nikiwaza kwamba mama ana moyo mgumu. Niliwaza hivyo kweli, na sitalifuta.

Jumanne, 26 Machi

Mvua, upepo, bati moja limeng'oka. Shemeji kalipigilia. Kikohozi.

Jumatano, 3 Aprili

Mwenye duka kapita na baiskeli akiwa amejifunika mfuko wa nailoni. "Vipi, mtoto kapata jina?" Nikasema bado. Akasema ubatizo usichelewe, viberiti vinasubiri. Anadhani anachekesha.

Jumatatu, 15 Aprili

Siku mbaya.

Chembe ameanza chekechea. Leo mwalimu amewasimamisha watoto mmoja mmoja waseme majina yao na ya wazazi wao. Chembe alisema lake vizuri, akasema la baba yake vizuri. Alipofika kwa mama yake akasema, "Mama yangu hakuwa na jina." Wenzake wakacheka. Mwalimu akadhani mtoto ana utundu, akamrudisha kukaa. Shemeji alipokwenda kumchukua ndipo alipoelezwa.

Alikuja nyumbani amembeba mgongoni ingawa mtoto anaweza kutembea. Alimshusha mbele ya mama.

"Mama, mimi ni mwanao na nakuheshimu," alisema. "Nimekaa kwako mwaka mzima nimefunga mdomo kwa heshima yako. Leo mwanangu amewaambia watu kwamba aliyemzaa hakuwa na jina. Nikuulize, nimjibu nini?"

Chembe akasema, "Bibi, nilikosea?"

"Hukukosea," mama akamwambia, akamkaribisha kwenye kanga yake. Kwa shemeji hakujibu. Shemeji akaingia chumba cha pili na tukasikia patasi ikifanya kazi. Amezidi kiasi, lakini nani atamlaumu? Mimi nilikula peke yangu leo, na chakula kilikuwa kibaya, na nilikipika mwenyewe.

Jumanne, 16 Aprili

Nimeshika mkono uliokuwa ukiandika.

Sikukusudia kuvizia. Nilikoroga mpaka karibu, nikatoka kwenda kumwaga maji machafu, na mvua ikanizuia chini ya upenu wa bati pembeni ya karakana. Pale kuna dirisha dogo. Nikamwona mama anaingia kwa mlango wa jikoni, mikono ina unga. Aliipangusa kwenye kanga. Akachukua mwiko kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba kitu kinachomwagika, akainama juu ya sufuria na kuanza kudondosha. Polepole sana. Ulimi umetoka kidogo kando ya mdomo, kama wa Chembe anapochora.

Mama hakusoma shule. Penye jina lake mwenyewe huweka dole gumba.

Nikaingia. Hakushtuka wala kuuficha mwiko.

"Mama, unajua kuandika?"

"Hili tu," akasema. "Nilikuwa namtazama kila siku akiliandika. Nalijua umbo lake. Siwezi kuandika kingine."

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa nimekaa na hofu mwezi mzima, sili vizuri, nasalimia rafu. Badala yake nikamuuliza kwa nini, ikiwa jina limemkaa mkononi hivyo, hataki sisi tulitaje.

Aliuweka mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi nisogee karibu nimsikie.

"Siku ile alikuwa amelala hapa, kwenye lile benchi. Alisema huku kuna joto. Mimi nilipakua chakula nikasimama mlangoni nikamwita. Kimya. Nikamwita tena. Nikasema huyu kapitiwa na usingizi, acha apumzike. Nikaifunika sahani yake." Akakunja ncha ya kanga. "Niliifunika vizuri, mwanangu, ili kisipoe."

Hayo sikuyajua. Nilikuwa sokoni siku ile, na niliporudi nyumba ilikuwa imejaa watu.

"Nilimwita hakuitika," mama akasema. "Mpaka leo sijamwita tena. Nikimwita sasa, asipoitika, basi. Ndiyo nitajua. Kuandika si sawa na kuita. Ukiandika hungoji mtu ajibu. Na nyinyi mnataka watu wamwite dukani kutwa nzima, mmoja baada ya mwingine, na yeye kimya."

Nikasema, "Mimi namsikia akikohoa."

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Aliziangalia zile rafu kwa muda mrefu, kwa wivu. Mama yangu alinionea wivu, nililiona usoni mwake.

"Mimi simsikii," akasema. "Nimekuja hapa kila siku, simsikii."

Sabuni ilikuwa imeshika kupita kiasi, hatukuweza kuimimina. Tuliichota kwa mikono yenye mifuko ya plastiki tukaisindilia kwenye kalibu.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua imepungua. Siwezi tena kusema mama ana moyo mgumu. Najiuliza tu ni mangapi mengine nimeyaona nusu katika nyumba hii.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo hakuna shule. Tulikuwa karakanani sote, jambo ambalo halijatokea tangu mwaka jana. Sijui nani alimfuata nani. Shemeji alikuja kupima kalibu, mama alikuja kuleta chai, na Chembe huenda popote chai inapokwenda.

Nilikuwa nakoroga. Ilipofika nilimpa mama mwiko, mbele ya shemeji. Alisita. Kisha akaupokea, akainama, akaandika. Shemeji alitazama mkono ule mpaka herufi ya mwisho na ule mkia wake. Alikwenda kusimama nyuma ya mama na kumshika kiwiko, kama anayemsaidia kupanda ngazi.

Chembe alipanda juu ya benchi. "Bibi, imeandikwa nini?"

Nilidhani mama atatoka nje. Niliona macho yake yamekwenda mlangoni. Chembe naye ni mtoto asiyeachia. "Bibi, si wewe umeandika? Imeandikwa nini?"

Mama akalisoma.

Alilisoma kwa sauti ndogo kwanza, kama anayejaribu maji kwa kidole. Kisha akageuka kuelekea zile rafu za kukaushia, nyuma kule nilikomwonyesha, akaita. Aliita kwa sauti yake ya zamani, ile iliyokuwa ikitufikia mwisho wa mtaa tukiwa wadogo, tukajua chakula kiko tayari na mchezo umekwisha. Akangoja. Akaita tena.

Sote tuliangalia kule. Nilisikiliza kwa mwili mzima. Nilikuwa naomba kile kikohozi kimoja tu, kwa ajili ya mama, hata kama ni mimi peke yangu nitakayekisikia ili nimwambie. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka ukingo wa bati. Hakukuwa na kitu kingine.

"Haya," mama akasema.

Akaketi kwenye benchi kando ya miguu ya Chembe, akalia. Sijawahi kumwona akilia hivyo. Alilia kwa kelele, pua na mdomo, bila kujifunika. Shemeji alipiga magoti. Mimi nilimimina sabuni, kwa sababu ilikuwa imeshika, na mtu lazima aimimine. Chembe alikuwa akilirudia jina kwa mnong'ono, mara nyingi, kama pipi mpya mdomoni.

Jumanne, 23 Aprili

Mama ameingia chumba cha pili asubuhi na kumwambia shemeji, "Ule muhuri umeufikisha wapi?"

Jumatano, 24 Aprili

Hakuna kikohozi.

Alhamisi, 25 Aprili

Hakuna.

Jumapili, 28 Aprili

Nyumba ina kelele sasa. Wanalitaja kila mara. Alikuwa hapendi vitunguu, alimwibia mwalimu chaki, siku ya harusi alicheka mpaka akakaa chini. Jina linapita mezani kama chumvi. Wamefurahi, na mimi nachukia. Naandika hivyo hivyo. Mwaka mzima niliona mama ndiye kikwazo, kumbe nilikuwa nimekaa raha mustarehe na kikohozi changu mwenyewe, siri yangu, sehemu yangu ya dada ambayo sikugawana na mtu. Sasa wao wana jina na mimi sina kitu nyuma ya rafu.

Shemeji alinionyesha muhuri uliokamilika. Ameuchonga kwa kufuata mwandiko wa mama. Nikasema hatujakubaliana bado, tungefikiria na majina mengine. Wote wawili wakanishangaa.

"Wewe unasemaje iitwe?" mama akauliza, kwa upole kabisa.

Hata Dhahabu sikuweza kuisema.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimekwenda karakanani peke yangu, nikafunga mlango, nikamwita. Nilingoja kuliko mama alivyongoja. Kisha nikafungua mlango nikachukua muhuri, kwa sababu sabuni za juzi zimekauka kiasi cha kupigwa na zikikauka zaidi hazitapokea. Nilipiga zote. Moja ya kwanza imekaa upande.

Jumamosi, 18 Mei

Jua. Rafu zimekauka. Hazitoi jasho tena.

Jumatatu, 10 Juni

Hatujapata mvua tangu mwezi uliopita, lakini sabuni ilitaka muda wake wa kukauka. Leo tumeipeleka. Mama aliomba kwenda nami, amevaa viatu vya kutokea.

Mwenye duka alichukua kipande, akasoma, akanitazama. Alimfahamu dada. Hakufanya mzaha wowote. Alitoa viberiti vyake kwenye rafu ya katikati, akaipangusa kwa mkono na kuzipanga sabuni mwenyewe, maandishi yakiwa mbele. Akatupa vigoda tupumzike. Paka Dhahabu akamlalia mama miguuni.

Tulikuwa tunakaribia kuaga alipoingia mwanamke mmoja, sijui ametokea mtaa gani, ana kapu na haraka zake. Akatupa macho kwenye rafu. Akiwa bado kule mlangoni akalitaja jina la dada kwa sauti kubwa, vile watu wanavyoagiza kitu dukani, vile pia mtu anavyosimama nje ya nyumba kumwita rafiki yake atoke.

Niligeuka kuangalia nyuma yangu. Mama pia aligeuka. Hakukuwa na mtu, kulikuwa na magunia ya unga. Mwenye duka alinyoosha mkono akashusha kipande kimoja na kukiweka kaunta.

Nilimshika mama mkono nikidhani atataka kutoka nje. Aliuondoa mkono wangu taratibu. Akamwambia yule mwanamke, "Samahani, mwanangu. Umesema unataka nini?"

Yule mwanamke akalitaja tena.

"Masikio yangu, mwanangu. Hebu rudia."

Akalitaja mara ya tatu, kwa sauti ya juu zaidi, kwa upole wa mtu anayezungumza na kizee kiziwi. Mama akafumba macho kusikiliza. Mama hana tatizo lolote la masikio.